Kuweka sakafu mpya ya mbao ngumu juu ya sakafu ya zamani: mwongozo kamili kwa nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Sakafu mpya ya mbao huharibikia chini, si juu. Ukiona mninga uliopigiliwa mwaka jana umeanza kuinuka katikati ya sebule, usikimbilie kumlaumu aliyepiga misumari. Funua ubao mmoja kwanza, uangalie kilichokuwepo kabla yake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu haizungumzii kupigilia. Kupigilia ni kazi ya siku chache, na fundi seremala yeyote mwenye mkono mtulivu anaiweza. Kujua kama sakafu ya zamani inafaa kubebeshwa nyingine, na kama mbao zako zimekauka kiasi cha kukaa nyumbani mwako masika na kiangazi, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Huku kusini nyumba za namna hii ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ziko kwenye mashamba ya chai Mufindi na Rungwe, ziko kwenye misheni, ziko Iringa mjini, Mbeya na Tukuyu kwenye zile nyumba za maofisa wa enzi ya mkoloni. Mbao zimelazwa juu ya mihimili, chini yake kuna uwazi, halafu udongo. Mwenye nyumba amechoka na mbao zilizochakaa, zenye nyufa na polishi nyekundu iliyoganda miaka na miaka, anataka kitu kipya. Kuweka juu ya ile ya zamani ni njia nzuri: hubomoi, hupati vumbi la nyumba nzima, na Juni na Julai miguu inashukuru.

Jiulize kwanza kama unaihitaji

Nitaanza na jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi kwa sababu linawapunguzia kazi. Sakafu nyingi za zamani ni podo au mvule, zenye unene wa milimita 20 na zaidi, na chini ya ule uchafu mbao ni nzima kabisa. Chagua pembe isiyoonekana, nyuma ya mlango kwa mfano, upige msasa mkavu eneo la kiganja. Ukikuta mbao safi na mishono iliyoshikana, kuipiga msasa na vanishi sakafu yote kutakugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mninga. Lakini kama imepakwa rangi ya zamani, usiipige msasa mkavu hata kwa majaribio, maana rangi za zamani huenda zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Endelea na sakafu mpya kama mbao za zamani zimechakaa hadi nyuzi zinachoma miguu, kama zimepigwa viraka vya kila aina, au kama zimeshapigwa msasa mara nyingi mpaka vichwa vya misumari vimejitokeza.

Hatua ya kwanza: ingia chini ya sakafu

Simaanishi kuchungulia. Toa ubao mmoja au viwili karibu na ukuta wa upande unaopigwa na mvua, chukua tochi, lala kifudifudi uangalie kwa utulivu.

Angalia matundu ya hewa kwenye msingi. Nyumba za zamani zilijengwa na matundu hayo pande zote ili upepo upite chini ya sakafu na kuondoa unyevu wa udongo. Miaka inakwenda, mtu anajaza udongo wa bustani ukutani, mwingine anamwaga zege la kibaraza, mwingine anaziba kwa matofali ili panya wasiingie. Kwenye nyumba moja Tukuyu nilitoa ubao wa kwanza nikakuta upande wa chini umeota ukungu mweupe, na misumari imekula kutu hadi imebaki na unene wa sindano. Nje, matundu yote manne ya upande ule yalikuwa chini ya kitalu cha maua. Juu ya sakafu hukuona kitu, ila harufu kidogo. Nyumba ya namna hiyo, ukiiwekea mninga juu, unakuwa umeifunga mdomo.

Dawa yake si ngumu. Fukua udongo ushuke chini ya matundu, yafungue, weka wavu wa chuma kuzuia panya. Udongo wa chini ukiwa na unyevu, tandaza nailoni nzito juu ya udongo wenyewe, uizidishe sentimita 20 kila inapokutana na nyingine. Kisha ipe nyumba muda, na wiki kadhaa za kiangazi ndizo bora. Hakuna njia ya mkato hapa.

Halafu mchwa. Tafuta vile vijia vya udongo vinavyopanda kwenye nguzo na kuta za msingi. Ukivibomoa ukakuta wadudu hai, simamisha kila kitu, ita mtu wa dawa ya mchwa atibu udongo kwanza. Mbao zenye vitundu vidogo na unga mwembamba unaodondoka zimebunguliwa. Kama unga ni mpya, na ni mweupe, wadudu bado wapo.

Chukua bisibisi uichome kwenye kila mhimili unaoufikia, hasa ncha zinazoegemea ukuta. Mbao nzima inagoma. Ikizama bila nguvu, mhimili umeoza na lazima ubadilishwe au uungwe na mwenzake ubavuni kabla ya kuwaza kitu kingine.

Uzito wa sakafu mpya wenyewe usikutishe. Chumba cha mita 4 kwa 5, mninga wa milimita 20, ni kama kilo 250, na zinasambaa chumba kizima. Kabati moja la nguo lililojaa linabonyeza zaidi pale lilipo. Tatizo ni sakafu inayonesa. Weka bilauri ya maji katikati ya chumba, mwambie mtu mzima atembee kwa kishindo kando yake. Maji yakitikisika kidogo ni kawaida. Bilauri ikicheza, mihimili inahitaji nguzo au mhimili wa katikati wa kuiegemeza.

Hatua ya pili: chagua mbao

Paini tunayo kwa wingi, shamba la miti la Sao Hill liko mlangoni, lakini si mbao ngumu, na kiti chenye miguu myembamba kitaiachia alama siku ya kwanza. Iache kwenye kenchi na dari.

Mninga ndio chaguo langu la kwanza. Hauvimbi wala kusinyaa sana ukilinganisha na mbao nyingine, na kwa sakafu sifa hiyo inashinda hata ugumu. Unatoka kwenye misitu ya miombo, kuanzia Chunya hadi Katavi na Tabora. Kasoro yake ni ile sehemu nyeupe ya pembeni: fukusi wanaipenda. Ubao wenye ukingo mweupe ukatae, hata muuzaji akikuapia kwamba dawa imepigwa. Mkongo ni mgumu zaidi, mzito zaidi, na unamaliza misumeno. Msaji wa Kilombero ni mzuri sana ukiupata uliokomaa. Ule mdogo unaokatwa kupunguza miti shambani ni laini kiasi.

Mkaratusi, au milingoti kama wengi wanavyouita, ndio watu wanaoniuliza kila mara, kwa kuwa uko Mufindi na Njombe na bei yake ni nafuu. Ni mgumu wa kutosha. Lakini unavimba na kusinyaa sana, unapinda ukikaushwa haraka, na hauna huruma na mtu mwenye papara. Kama ni huo tu unaoumudu, nunua uliokaushwa kwenye tanuru, chagua mbao zenye upana usiozidi inchi 3, na ufuate sehemu ya ukavu hapa chini bila kuruka mstari.

Mbao ya inchi moja ikishapigwa randa pande mbili inabaki kama milimita 20. Mwambie mwenye mashine akuchongee ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, na mgongo (upande utakaolala chini) autoe vijimifereji viwili vitatu visivyo na kina. Kabla hajachonga mzigo wote, mwombe vipande viwili vya majaribio, uvipachike: viingie kwa kugonga kidogo na kiganja, uso wa juu ulingane kabisa. Ukisikia ukucha unakwama kwenye muungo, mashine irekebishwe. Hapo usione haya kumsumbua.

Hesabu iko hivi. Tuseme ubao una uso wa milimita 90, ukiacha ulimi, na urefu wa futi 8, yaani mita 2.4. Unafunika mita za mraba 0.216. Chumba cha mita za mraba 20 kinahitaji mbao 93. Ongeza asilimia 10 ya upotevu, agiza 103. Ukipanga mshazari, ongeza asilimia 15.

Dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mzigo wa mninga usio na karatasi utaishia kwenye geti la maliasili, na wewe pamoja nao.

Hatua ya tatu: ukavu, na hapa tukae kidogo

Mbao haikauki ikaisha. Inaendelea kuvuta na kuachia unyevu kulingana na hewa iliyopo. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 9 hivi. Hewa ikipanda hadi asilimia 80, mbao nayo hupanda hadi 16. Sasa fikiria Mbeya ya Oktoba, vumbi tupu na midomo inapasuka, halafu Mbeya ya Machi ambapo hata chumvi mezani imeloa. Sakafu ileile inapitia hali zote mbili kila mwaka.

Kwa mbao ngumu nyingi, kila unyevu wa mbao unapobadilika kwa asilimia moja, upana wake hubadilika kwa kama asilimia 0.25. Chumba cha upana wa mita 4, unyevu ukipanda kwa asilimia 4, mbao zote kwa pamoja zinataka sentimita 4 za ziada. Misumari inazuia sehemu yake, nafasi za kati ya mbao zinameza sehemu nyingine, lakini ulipokosea, ile iliyobaki inaenda juu. Mninga unacheza karibu nusu ya hapo, na ndiyo sababu nimeusifu.

Kipima unyevu cha mkononi ni kidogo na kina faida kubwa. Kama huna, azima. Ukikosa kabisa, tumia mizani ya jikoni. Kata kipande cha sentimita 6 au 7 kutoka katikati ya ubao, si mwishoni kwa kuwa mwisho hukauka mapema. Kipime, tuseme ni gramu 112. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103, kitoe kila baada ya saa chache upime, mpaka uzito ugome kushuka. Kikiishia gramu 100, maji yaliyotoka ni gramu 12, basi ubao ulikuwa na unyevu wa asilimia 12. Pima vipande kutoka mbao tofauti, kwa sababu mzigo mmoja huwa na mchanganyiko wa mbao za ghalani na zilizoshushwa jana.

Lenga asilimia 10 hadi 12 kwa huku kwetu. Pima na sakafu ya zamani vilevile. Tofauti kati ya mbao mpya na ya zamani isizidi asilimia 4 kama mbao mpya ni nyembamba kuliko inchi 3; zikiwa na upana wa inchi 3 au zaidi, isizidi 2. Mbao zetu za milimita 90 ziko kwenye kundi hilo la pili.

Mbao zikifika, ziingize kwenye chumba kilekile zitakapolala. Zipange kwa tabaka, kati ya tabaka na tabaka weka vipande vya mbao vya inchi moja ili hewa ipite, na usiziegemeze ukutani. Nyumba iishi kama kawaida: madirisha yafunguliwe yanapofunguliwa, jiko liwake. Weka alama kwenye mbao tatu, uwe unazipima uzito. Zikiacha kubadilika, ziko tayari. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hizi zimekaa kivulini mwaka mzima, piga tu." Mshukuru, kisha upime.

Msimu una maana yake. Mimi napenda Juni na Julai: mvua zimekwisha, hewa haijafikia ukavu wake wa mwisho, mbao ziko katikati ya safari yake ya mwaka. Ukipigilia Septemba au Oktoba, mbao ziko kwenye ukondefu wake wa chini kabisa, na masika yatazikuta zimebanana. Ikibidi kufanya wakati huo, acha upenyo wa nusu milimita, unene wa kadi ngumu, kati ya kila mstari na mstari. Chumba cha mita 4 chenye mistari 44 kinapata sentimita 2 za kupumulia. Januari hadi Aprili usipigilie. Mbao zimevimba, na Oktoba utakuwa na nyufa ambazo sarafu inapita.

Hatua ya nne: tayarisha sakafu ya zamani

Ng'oa skating (ule ubao wa chini ya ukuta) kwa uangalifu ukitaka kuirudisha. Iandike namba nyuma.

Tembea kila sehemu ukisikiliza. Panapolia, ubao umeachana na mhimili. Mihimili utaijua kwa mistari ya misumari ya zamani. Piga skurubu za inchi 2 na nusu kupitia ubao hadi ndani ya mhimili, na vichwa vizame. Usiseme sakafu mpya itazuia kelele. Itaiweka mahali usipoweza kuifikia tena. Kama chini kuna waya za umeme au bomba, ziwekee alama ya chaki juu ya sakafu kabla ya kugusa skurubu ya kwanza.

Mbao zilizooza au kubunguliwa badilisha kwa mbao za unene uleule. Paini kavu inatosha hapa, haitaonekana.

Kisha usawa. Chukua rula ndefu iliyonyooka ya mita 3 au ubao mnyoofu, uizungushe kote. Bonde au kilima kisizidi milimita 5 kwa mita 3. Vilima vipunguze kwa randa au mashine ya msasa. Kama kulikuwa na nta au polishi, ikwangue kwanza, la sivyo itaziba msasa wako mpaka uchoke kununua. Mabonde yajaze kwa tabaka za karatasi ya lami au vipande vya plaiwudi nyembamba, vilivyopigiliwa visicheze. Mteremko wa sakafu nzima kuelekea upande mmoja si dhambi, ni uzee tu wa nyumba. Kinachokatazwa ni mawimbi.

Sasa urefu. Sakafu itapanda milimita 20, na kila kitu kinachokutana nayo kitajua. Milango ing'olewe na kupunguzwa chini. Miguu ya fremu usiichonge kwa kukisia: laza kipande cha mbao mpya sakafuni, lalia msumeno juu yake, ukate fremu, kisha sakafu itapenya chini yake bila kuacha pengo. Kama kuna ngazi, kidato cha juu kabisa kitaongezeka milimita 20 na cha chini kitapungua kama sakafu ya chini nayo inainuka. Mguu wa mtu huzoea vidato vinavyolingana, na tofauti ndogo kama hiyo inamwangusha mgeni usiku. Rekebisha vidato vilingane tena.

Nyumba zenye meko ya ukutani, na Mufindi ziko nyingi, usifunike lile eneo la matofali au zege mbele ya moto. Lizungushie fremu ya ubao uliokatwa pembe, sakafu iishie hapo.

Bafuni na chooni usiweke mbao, hata mtu akikubembeleza.

Hatua ya tano: uelekeo na mstari wa kwanza

Mbao mpya zikatize zile za zamani, au zipite mshazari. Zikilala uelekeo mmoja na za chini, kila ubao wa chini ukivimba utauinua wa juu yake, na mishono ya juu itaangukia mishono ya chini. Kama kwa sababu ya umbo la chumba unataka uelekeo uleule, basi kwanza pigilia plaiwudi ya milimita 12 chumba kizima, mishono ikipishana. Hapo sakafu itapanda milimita 32, hesabu ya milango na ngazi irudiwe.

Tandaza karatasi ya lami, kila mstari ukilalia mwenzake sentimita 10. Inapunguza mlio na kusaidia mbao zisisuguane. Nailoni hapa usitumie kabisa. Unyevu unaopanda kutoka chini utagonga nailoni na kukaa kwenye sakafu ya zamani, na miaka michache baadaye utakuwa unabadilisha zote mbili.

Kuta za nyumba za zamani hazina pembe mraba, usiziamini. Pima upana wa chumba mwanzo, katikati na mwisho. Piga uzi wa chaki sambamba na ukuta mrefu unaoonekana zaidi, na uhakiki pembe kwa ile hesabu ya mita 3, 4 na 5: pima 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na mshazari wake ukitoka 5 pembe ni mraba. Gawanya upana wa chumba kwa upana wa ubao. Kama mstari wa mwisho utabaki chini ya sentimita 5, punguza upana wa mstari wa kwanza ili vyote viwili viwe na heshima.

Pande zote acha milimita 15 hadi 20 kati ya sakafu na ukuta. Skating itaficha. Vipande vya mbao vya kupima nafasi hiyo viweke, na ukimaliza vitoe. Nimekuta nyumba ambayo viliachwa, na sakafu ikabanana na kuta kama vile nafasi haikuwepo.

Mstari wa kwanza, mfereji uelekee ukutani na ulimi uelekee chumbani. Uwe mnyoofu kabisa juu ya chaki, hata ukuta ukipinda. Uupigilie kwa juu karibu na ukuta, mahali skating itafunika, na tena kupitia ulimi.

Hatua ya sita: kupigilia

Kabla ya msumari, mwaga mbao sakafuni mistari sita au saba bila kupigilia. Changanya rangi: mninga una mbao za kahawia iliyoiva na za dhahabu, ukizitumia kama zilivyofungwa utapata chumba chenye mabaka. Vichwa vya mbao vya mistari inayofuatana vipishane angalau sentimita 20, na visifanye ngazi. Mbao fupi zisambaze, zile zenye fundo la mti ziende chini ya kabati.

Kwa mbao za milimita 20 tumia misumari ya inchi 2 yenye kichwa kidogo. Inapita ulimi kwa nyuzi 45 na kushika sakafu ya chini inavyotakiwa. Mninga na mkongo vinapasuka, kwa hiyo toboa kwanza kwa biti nyembamba kuliko msumari. Ndiyo, kila tundu. Msumari kila sentimita 20 hadi 25, na wa mwisho sentimita 5 hivi kutoka mwisho wa ubao. Kwa ubao wa mita 2.4 ni misumari kama 11, na chumba chetu kitakula zaidi ya 1,000. Malizia kila msumari kwa panchi ili kichwa kizame kwenye kona ya ulimi. Kichwa kilichobaki nje kitazuia ubao unaofuata kufunga, na utaupiga nyundo mpaka ulimi uvunjike huku sababu iko nyuma yake.

Ubao usigongwe moja kwa moja. Weka kipande cha mbao chenye mfereji mbele ya ulimi, ugonge hicho. Uliopinda kidogo ushike mwisho mmoja, uuvute kwa mtaimbo au kabari ukipigilia taratibu. Uliopinda sana ukate vipande, ndiyo kazi ya ile asilimia 10. Kila mistari mitano pima tena umbali hadi ukuta wa mbele, pande zote mbili. Kupotea kwa milimita 2 ni rahisi kurekebisha kwenye mistari mitatu inayofuata. Milimita 10 si rahisi.

Mistari ya mwisho nyundo haitapata nafasi. Toboa kwa juu, pigilia wima, zamisha vichwa na uzibe kwa unga wa msasa wa mbao ileile uliochanganywa na gundi. Ubao wa mwisho uvute na mtaimbo, ila weka kipande cha mbao ukutani usivunje lipu.

Hatua ya saba: msasa na vanishi

Vaa barakoa. Vumbi la mninga linawasha pua, macho na ngozi, na wenye pumu linawabana. La mvule halina afadhali. Anza na msasa namba 40 au 60 kama miungo haijalingana vizuri, endelea na 80, malizia na 100 au 120. Fuata nyuzi za mbao. Usiruke namba, mikwaruzo ya 40 huonekana waziwazi vanishi ikishakauka. Mashine ya mkanda usiiache isimame ikiwa inazunguka, inachimba shimo kabla hujahesabu mbili.

Fagia, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, subiri ikauke. Vanishi ya sakafu ya poliurethani, mikono mitatu, kati ya mkono na mkono msasa mwepesi wa 180 au 220 na kufuta vumbi. Baridi inachelewesha. Njombe au Makete asubuhi ya Julai, chini ya nyuzi joto 10, vanishi inakaa inanata, kwa hiyo paka kuanzia saa nne asubuhi jua likishapanda, na upe kila mkono siku nzima au zaidi. Ukipendelea mafuta ya kitani badala ya vanishi, matambara uliyofutia usiyarundike: yanajipasha moto yenyewe hadi yawake. Yatandaze nje yakauke, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Skating ipigilie ukutani, si sakafuni. Ukiipigilia sakafuni umeinyang'anya sakafu ile nafasi uliyoiacha. Fanicha ziingie baada ya wiki moja, zikiwa na vitambaa chini ya miguu, na zulia lisubiri zaidi.

Mwaka wa kwanza

Oktoba ya kwanza utaona nyufa ndogo kati ya mbao. Usizizibe. Masika zitajifunga zenyewe, na kama umezijaza kitu kigumu, mbao zitakosa pa kwenda. Machi pita kwenye kingo zote ukibonyeza na kidole: ukiona ubao umejikunja, kingo juu na katikati chini, unyevu unatoka chini, rudi kwenye matundu ya hewa kabla ya kugusa sakafu. Kuipiga msasa ikiwa imejikunja ni kosa, kwa sababu ikikauka itabinuka upande wa pili.

Deki ya maji mengi isahau. Fagio laini na kitambaa kilichokamuliwa sana vinatosha. Mbao zilizobaki, hata kama ni nne tu, ziweke ndani ya nyumba hiyohiyo, zilale bapa chini ya kitanda, ili siku ukihitaji kubadilisha ubao mmoja uupate wenye unyevu na rangi inayokaribiana na wenzake.